Krediti za chuo kikuu kwa njia ya mtihani: kwa nini familia haziamini, na nini cha kuzionyesha

Ujumbe unafika usiku katika grupu ya WhatsApp ya familia. Kijana aliyezaliwa Uvira, akapita kambini Burundi na leo anaishi Marekani, anaandika kwamba amefaulu masomo mawili ya chuo kikuu kwa siku moja. Asubuhi alifanya mtihani wa kwanza kwenye kompyuta, saa moja na nusu. Mchana akafanya wa pili. "Nimepata krediti sita," anaandika, akingoja pongezi.

Baba mkubwa ndiye wa kwanza kujibu: "Masomo mbili siku moja? Iyo ni iniversite ya namna gani?" Shangazi anafuata: "Mutoto aangalie, asikamatwe na batu ba bongo." Mama yake haandiki kitu. Yeye amesikia neno krediti na anajiuliza mtoto amekopa wapi mara sita.

Mfano huu ni wa kufikirika, lakini mabishano yake si ya kufikirika. Kwa zaidi ya miaka kumi Kongo imekuwa kati ya nchi zilizotoa wakimbizi wengi waliopokelewa Marekani, na vijana wao sasa wamefika umri wa chuo kikuu. Huko wanakuta njia ambayo wazazi hawaijui: kupata sehemu ya masomo kwa kufanya mtihani, bila kukaa darasani muhula mzima. Wengine wanaiacha njia hiyo kwa sababu tu familia imesema ni uongo. Na kuiacha kuna bei.

Neno krediti lenyewe ndilo la kueleza kwanza. Huku, mtu aliyemaliza masomo zamani anajua graduat ya miaka mitatu na licence ya miaka miwili. Kwake krediti ni deni la benki. Lakini wanafunzi wa leo, tangu mfumo wa LMD uenee katika vyuo vyetu mwaka wa masomo 2021-2022, wanahesabu krediti kila siku: 60 kwa mwaka, 180 kwa licence. Marekani wanahesabu vilevile, ijapokuwa kipimo si kimoja. Diploma yao ya kwanza ya miaka minne, bachelor, kwa kawaida inadai krediti 120, na somo moja la muhula mara nyingi lina krediti 3. Kwa hiyo katika familia ile, mtu anayefaa kumwelezea mama si yule wa Marekani. Ni mdogo wake anayesoma hapa Bukavu au Uvira, mwenye karatasi ya krediti zake mkononi.

Mtihani wenyewe unaojulikana zaidi unaitwa CLEP. Unatayarishwa na College Board, shirika lililoanza mwaka 1900, lile lile linalotayarisha mtihani wa SAT ambao vyuo vingi vya Marekani vinautumia kuchagua wanafunzi. CLEP ilianzishwa mwaka 1967. Kuna mitihani 34: hesabu, biolojia, sosholojia, saikolojia, historia, uchumi, na lugha kadhaa. Mengi ni maswali ya kuchagua jibu. Pointi zinaanzia 20 mpaka 80, na Baraza la Elimu ya Marekani, ACE, linapendekeza vyuo vitoe krediti kwa aliyepata 50. Zaidi ya vyuo 2,900 vinaukubali, kila kimoja kwa masharti yake. Jeshi la Marekani linawalipia wanajeshi wake waufanye. Kama ungekuwa mchezo wa matapeli, wizara ya ulinzi ya nchi ile isingeulipia.

Mwaka 1967 unapaswa kumkumbusha baba mkubwa kitu. Ndio mwaka ambao nchi yetu iliweka Examen d'État, Exetat ya leo. Na hapo ndipo hoja nzima ilipo. Mkongomani hahitaji kufundishwa kuamini mtihani, kwa sababu maisha yake yote yameamuliwa na mtihani. Mtoto anasoma miaka sita ya sekondari, lakini inayompa diploma ni siku chache za Exetat, maswali ya kuchagua jibu, na 50% kwenda juu. Tena kuna wale tunaowaita ma-autodidactes: mtu mzima aliyeacha shule, akasoma kivyake nyumbani, akajiandikisha, akafanya Exetat na wengine. Akifaulu, diploma yake ni diploma. Hakuna chuo cha Kongo kitakachomwambia arudi kukaa kwenye banki ya shule miaka sita. CLEP ni ndugu ya jambo hilo, ila kwa somo moja moja la chuo kikuu.

Lakini Exetat ndiyo pia inayofanya watu wasiamini. Kila mwaka inasikika habari ya ma-items yanayozunguka kwenye simu, ya majibu yanayouzwa usiku, ya watoto wanaokamatwa na telefone kituoni. Mzazi aliyeona hayo akisikia "mtihani kwa kompyuta" anafikiri moja kwa moja: mtoto amenunua majibu. Ni wasiwasi wa mtu anayejua nchi yake, na kumcheka hakusaidii. Afadhali kumweleza jinsi mambo yanavyokwenda kule. Mtahiniwa anaingia katika kituo, mara nyingi ndani ya chuo chenyewe, anaonyesha kitambulisho chenye picha, simu inabaki nje, na msimamizi yuko ndani ya chumba. Anayefanyia nyumbani anaangaliwa na msimamizi kupitia kamera, na kwanza anaombwa kuonyesha chumba chote. Aliyeanguka hawezi kurudia mtihani ule ule mpaka miezi mitatu ipite.

Wasiwasi wa pili una nguvu kuliko wa kwanza: diploma za kununua. Hapa shangazi ana haki. Mwaka 2015 kampuni moja ya Karachi, Pakistan, iitwayo Axact, ilifichuliwa ikiuza diploma za vyuo visivyokuwepo, zenye majina yanayofanana na ya Kimarekani, kwa watu wa nchi nyingi. Matapeli wa namna hiyo wanapenda sana kusema "utapata digrii kwa uzoefu wako wa maisha" au "digrii kwa wiki mbili". Kwa hiyo mtu akisema "nimepata krediti bila darasa", sikio la mzee linasikia wimbo ule ule.

Tofauti iko mahali pamoja: nani anatoa diploma? CLEP haitoi diploma yoyote. Inatoa pointi tu. Pointi zinatumwa kwenye chuo, na chuo ndicho kinachoamua: hili tunalikubali, hili hapana. Kisha kijana anaendelea kusoma pale masomo yaliyobaki, anafanya kazi za nyumbani, anafundishwa na maprofesa. Vyuo vingi vinadai sehemu kubwa ya krediti ipatikane ndani ya chuo chenyewe, mara nyingi 30 za mwisho au zaidi. Hakuna chuo chenye heshima kitakachokupa digrii ya utabibu au uhandisi kwa mitihani tupu. Tapeli anakuuzia karatasi ya mwisho. Mtihani wa krediti unakuvusha masomo machache ya mwanzo tu.

Wazee wengine wanasema: sawa, lakini elimu ni kukaa na mwalimu. "Sisi tulikaa mu auditoire, tulinunua ma-syllabus, profesa alitujua." Huyo akumbushwe Mandela. Digrii yake ya kwanza aliipata mwaka 1943 kupitia Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, kinachofundisha wanafunzi wakiwa mbali na kupima kwa mitihani. Ile ya sheria aliipata mwaka 1989 kwa chuo hicho hicho, akiwa bado mfungwa. Nacho Chuo Kikuu cha London kilifungulia mitihani yake watu wasiokaa darasani kwake tangu mwaka 1858. Jambo hili ni la zamani kuliko nchi ya Kongo yenyewe.

Sasa bei. Mtihani mmoja wa CLEP unalipiwa karibu dola 100, na kituo kinaweza kuongeza malipo kidogo. Kuna shirika linaloitwa Modern States ambalo limekuwa likitoa kozi za bure kwa intaneti na kulipia mtihani wa anayemaliza kozi. Linganisha na minervali. Mwaka wa masomo 2024-2025, chuo kikuu cha serikali cha miaka minne kilidai kwa wastani dola 11,610 kwa mwaka kwa mkaaji wa jimbo hilo, na chuo cha miaka miwili dola 4,050. Hapo chakula na nyumba havijahesabiwa. Kwa krediti 30 za mwaka, somo moja la krediti 3 linafika zaidi ya dola 1,100 katika chuo cha miaka minne, na karibu 400 katika kile cha miaka miwili. Kijana anayetumika usiku kwenye kiwanda cha nyama na kutuma pesa ya shule ya wadogo zake anajua dola 1,000 ni masaa mangapi ya kusimama. Baba mkubwa anayesema "achana na hiyo mitihani, soma kama watu" huenda bila kujua anakata minervali ya mtoto mwingine wa nyumba hiyo hiyo.

Na kwa Wakongomani kuna zawadi ambayo wengi hawaioni. Kati ya mitihani ya CLEP kuna Kifaransa, cha kusikiliza na kusoma. Aliyesoma sekondari huku, hata kama hakumaliza, ana Kifaransa ambacho Mmarekani wa umri wake anakitafuta miaka miwili darasani. ACE inapendekeza krediti 6 kwa aliyepata 50, na krediti 9 kwa aliyefika 59. Krediti 9 ni masomo matatu. Kijana anayeficha Kifaransa chake kwa sababu Kiingereza chake bado ni kigumu anaacha pesa mezani, na hapo kazi ya walimu wetu wa Kifaransa, wale wanaokaa miezi bila mshahara, inapotea bure. Hata Kiswahili kina mitihani ya namna hii nje ya CLEP, katika taasisi chache zinazopima lugha nyingi. Ni vizuri kuuliza chuo kama kinaikubali kabla ya kulipa.

Familia ina haki pia ya kusikia upande mbaya, na kijana anayeuficha ndiye anayejiharibia. Si kila chuo kinakubali. Harvard, kwa mfano, haitoi krediti kwa CLEP. Vingine vinakubali somo moja na kukataa lingine, au vinadai pointi zaidi ya 50. Krediti iliyokubaliwa katika chuo cha kwanza inaweza kukataliwa unapohamia cha pili. Anayetaka kusomea udaktari aangalie sana, kwa sababu shule nyingi za udaktari zinataka kuona biolojia na kemia zilizosomwa darasani na maabara. Krediti za mtihani pia hazina alama ya A au B, kwa hiyo hazipandishi wastani wa mwanafunzi.

Kuna mtego mwingine ambao unawaumiza wageni hasa. Krediti za mtihani hazihesabiwi katika idadi ya masomo unayosoma muhula ule. Anayepata msaada wa serikali wa kulipia masomo akipunguza madarasa kwa kutegemea CLEP, msaada unaweza kupunguzwa. Na mwenye visa ya mwanafunzi lazima abaki na krediti 12 za darasa kwa muhula. Akishuka chini ya hapo bila ruhusa ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni, shida yake haitakuwa tena ya shule, itakuwa ya uhamiaji.

Basi kijana wa Uvira awaonyeshe nini? Maneno mengi kwenye grupu hayatasaidia, na kumwambia baba mkubwa kwamba haelewi mambo ya kisasa kutafunga mlango kabisa. Mkubwa wa familia anaheshimu karatasi yenye muhuri. Kitu cha kwanza ni ukurasa wa chuo chenyewe, ule unaoandika kila mtihani, pointi zinazodaiwa na somo linalopewa. Vyuo vingi vinauweka kwenye tovuti yao, na jimbo la Florida lina orodha moja kwa vyuo vyake vyote vya serikali. Cha pili ni uthibitisho kwamba chuo kinatambuliwa: wizara ya elimu ya Marekani na baraza linaloitwa CHEA wana orodha ambazo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuzifungua, hata akiwa Uvira. Shangazi aandike jina la chuo yeye mwenyewe. Akilikosa katika orodha zote mbili, basi wasiwasi wake ulikuwa na maana, na kijana asimame kwanza.

Cha tatu kinakuja baada ya wiki chache: relevé ya chuo, mistari miwili mipya, jina la kila somo na krediti 3 pembeni. Hiyo ipigwe picha na kutumwa kwa mama kwanza, kabla ya grupu. Na karatasi ya pointi kutoka College Board itunzwe vizuri, kwa sababu siku moja huenda kijana atataka kurudi kutumika Kongo, na ofisi inayotoa équivalence ya diploma za ng'ambo ikimuuliza masomo yale mawili aliyasomea wapi, awe na cha kuweka mezani.