Jumba la Maduka Likijengwa, Nani Atavuta Moshi Wake?

Ndugu wafanyakazi,

Mwenye mali akitaka kujenga jumba kubwa la maduka, sisi huambiwa kwanza habari ya kazi zitakazopatikana. Kazi twazitaka. Lakini pamoja na kazi huja vumbi, magari na moshi, na hayo huwapata zaidi wanaofanya kazi na kulala karibu na hapo. Kwa hiyo hatuna budi kujua namna hewa inavyopimwa kabla mradi haujakubaliwa.

Tuchukue mfano wa Kampala. Nchini Uganda, Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari zake, na ripoti ipelekwe kwa mamlaka ya mazingira, NEMA. Kuhusu hewa, tathmini yapasa kujibu swali moja: hewa itakuwaje jumba likijengwa, na itakuwaje lisipojengwa?

Kwanza hupimwa hewa iliyopo. Hutafutwa hasa chembe za masizi na vumbi ambazo upana wake hauzidi milimita 0.0025. Hizo hufika ndani kabisa ya mapafu na nyingine huingia katika damu. Hapa tuulize: walipima lini, na kwa siku ngapi? Siku tatu za Aprili hazitoshi, maana mvua huliangusha vumbi. Yapasa kupima na wakati wa kiangazi, na usiku na alfajiri pia, moshi unapotuama mabondeni.

Pili huja hesabu ya yatakayoongezeka: vumbi la ujenzi, magari ya wateja, malori ya mizigo, foleni langoni, na jenereta za dizeli umeme unapokatika. Jenereta zisisahauliwe. Mwezi wa Juni 2012, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza kwamba moshi wa dizeli huleta saratani.

Tatu ni kulinganisha na kiwango, na hapa ndipo mtu anapoweza kudanganywa. Tangu mwaka 2021, WHO inashauri chembe hizo zisizidi wastani wa maikrogramu 5 kwa mwaka katika kila mita moja ya ujazo wa hewa. Tuseme mahali fulani tayari pana 40, na jumba litaongeza 1. Ripoti itasema ongezeko ni asilimia 2.5 tu, halina neno. Lakini 40 ni mara nane ya kiwango! Na mwaka ujao mwingine atajenga kituo cha mafuta, naye aseme lake ni dogo. Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba hiki chajazwa vifuani mwetu.

Nne, tuulize ni nani waliohesabiwa. Ripoti ikitaja nyumba na shule tu, imewasahau askari wa maegesho yaliyo chini ya jengo, mpagazi wa malori, mwashi, na mama auzaye ndizi langoni. Hao huvuta moshi huo kutwa nzima. Ripoti nzuri hutaja dawa ya kila tatizo: kumwagia maji njia za vumbi, kufunika malori ya mchanga, mabomba ya jenereta kupanda juu ya paa, mashine za kuvuta hewa chafu katika maegesho, na kituo cha mabasi karibu ili magari yapungue.

Ndugu, haya si maombi ya hisani. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 39, inampa kila Mganda haki ya mazingira safi yenye afya. Na wananchi wakisimama husikilizwa. Mwezi wa Juni 2019 huko Kenya, baraza la rufani za mazingira lilifuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa Lamu, na sababu moja kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Basi kila tawi lichague watu wawili waisome ripoti mradi unapotangazwa, wawaeleze wenzao, na waandike maoni kabla muda haujapita. Kazi twaitaka, na mapafu ya kuifanyia twayataka pia.