Bonge la damu: laini likiguswa, gumu likivutwa

Je, wajua kwamba damu yako inazuiwa isimwagike kwa protini kidogo mno? Lita moja ya plazima ya mtu mzima mwenye afya ina gramu 2 hadi 4 tu za fibrinojeni, inayotengenezwa na ini. Mshipa ukikatika, kimeng'enya kiitwacho trombini huiondolea vipande vidogo, ikawa fibrini. Molekuli zake, zenye urefu wa nanomita 45 hivi, hushikana zikipishana nusu kwa nusu, zikawa nyuzi, na nyuzi zikawa wavu unaonasa chembe za damu. Hilo ndilo bonge la damu; kilichobaki humo ni maji hasa.

Ukiligusa bonge hilo, linabonyea. Ukilivuta, linakaza. Mwanzoni nyuzi zilizokaa shaghalabaghala hugeukia tu upande unaovutwa, na zilizopinda hunyooka. Kazi hiyo haihitaji nguvu nyingi. Zikishanyooka hakuna tena ulegevu wa kumaliza, sasa ni uzi wenyewe unaovutwa. Nao ni uzi wa ajabu: mwaka 2006 watafiti wa Marekani waliuvuta mmoja mmoja kwa darubini ya nguvu ya atomi, wakaona unaweza kufikia karibu mara 2.8 ya urefu wake, ukiachiwa ukarudi ulivyokuwa.

La kushangaza zaidi, kwa maoni yangu, ni maji. Mpira wa manati ukivutwa hurefuka na kuwa mwembamba, lakini ujazo wake ni ule ule. Bonge la fibrini hupungua ujazo, tena kwa kiasi kikubwa! Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walilieleza jambo hili mwaka 2009: wavu ukivutwa, sehemu za molekuli zilizosokotana hufumuka, zile zinazokimbia maji zikajitokeza, zikaungana zenyewe kwa zenyewe na kuyasukuma maji nje.

Mwili haungoji mvutaji kutoka nje. Chembe sahani zilizonaswa humo huzikamata nyuzi na kuzivuta, bonge likajikunyata na kingo za jeraha zikasogeleana.

Ugumu huo huo wa bonge likivutwa huwasumbua madaktari wanaoingiza katheta kulitoa bonge lililoziba mshipa wa ubongo wa mgonjwa wa kiharusi. Mara nyingi lenye chembe nyekundu tele hutoka kwa urahisi kuliko lililojaa fibrini.