Mji mdogo wa Texas uliotaka kuishi bila kodi ya majengo

Mwaka 2008 wakazi wa Von Ormy, eneo la nyumba zilizotawanyika kusini-magharibi mwa San Antonio katika jimbo la Texas, Marekani, walipiga kura ili eneo lao liwe mji. Kwa jumla walikuwa watu kama 1,100 tu. Kabla ya miaka kumi kupita, kikosi cha zimamoto kilikuwa kimesambaratika na idara ya polisi ya mji ilikuwa imepoteza ithibati yake. Ilikuwaje?

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Nchini Marekani mji si lazima uwe na maghorofa wala soko kubwa. Ni hadhi ya kisheria. Sheria za Texas zinaruhusu hata jamii yenye wakazi 201 kuiomba: zinakusanywa saini, kura inaitishwa, na wengi wakikubali wanachagua meya na baraza lao. Wasipofanya hivyo wanabaki chini ya kaunti, ambayo polisi wake wanafanya doria na ambayo inatunza barabara, lakini haina mamlaka makubwa ya kupanga wapi pajengwe nini.

Kilichowasukuma watu wa Von Ormy ni hofu ya jirani. San Antonio ni jiji la watu zaidi ya milioni moja na linazidi kutanuka. Wakati huo majiji makubwa ya Texas yaliweza kuyameza maeneo ya pembeni bila kuwauliza wenyeji. Ukimezwa, unalipa kodi za jiji na kufuata sheria zake, hata kama huduma zake zitachelewa kukufikia. Njia ya kujikinga ilikuwa kuwa mji kamili. Hata hivyo, kwa kuwa walikuwa ndani ya eneo la ushawishi la San Antonio, walihitaji kwanza ridhaa ya jiji hilo hilo walilolikimbia!

Aliyeongoza harakati hizo ni mwanasheria Art Martinez de Vara, ambaye baadaye akawa meya. Wazo lake liliitwa "mji wa uhuru": serikali ndogo, kanuni chache, na kodi ya majengo na ardhi inayopunguzwa mwaka hadi mwaka mpaka ifike sifuri. Pesa zingetoka kwenye kodi ya mauzo, kwa matumaini kwamba wafanyabiashara wangevutiwa na mji usiowatoza. Kodi ya majengo ya mji ikafika sifuri kweli.

Hapa ndipo hesabu inapotaka utulivu. Ukinunua kitu cha dola 100 Texas, kodi ya mauzo haiwezi kuzidi dola 8.25. Kati ya hizo, dola 6.25 ni za jimbo. Zinazobaki kwa mamlaka za hapo mahali hazizidi dola 2. Mji wenye maduka mengi unaweza kuishi kwa hizo. Mji wenye vituo vichache vya mafuta na maduka kando ya barabara kuu unapata shida. Na mwananchi hakuwa ameepuka kodi zote za nyumba yake, maana kaunti na wilaya ya shule zinatoza za kwao, mji upende usipende.

Jambo lililouma zaidi ni majitaka. Nyumba zilitegemea mashimo ya choo, kila mtu na lake. Kwa familia moja linatosha, lakini mgahawa au hoteli inahitaji mabomba. Kuleta mabomba ni kazi ya mamilioni ya dola, na kwa kawaida mji hukopa fedha hizo na kulipa deni kwa kodi ya majengo, ile ile ambayo Von Ormy ilikuwa inaifuta. Bila mabomba biashara kubwa haziji, na bila biashara kodi ya mauzo haikui. Kwa maoni yetu, kosa halikuwa kupenda kodi ndogo, kwani nani asiyeipenda? Kosa lilikuwa kuufuta mfereji wa pesa kabla ule mwingine haujaanza kutiririka.

Mengine yalifuata kwa haraka. Kikosi cha zimamoto, kilichokuwa cha watu wa kujitolea, kilikwama kwa kukosa fedha. Polisi wa mji walipopoteza ithibati mwaka 2016, doria ilirudi mikononi mwa kaunti, kama ilivyokuwa kabla ya kura. Barazani wajumbe waligawanyika, na watatu kati yao walikamatwa wakituhumiwa kuvunja sheria inayotaka mambo ya umma yajadiliwe hadharani. Katika mji ambao karibu kila mtu anamjua mwenzake, magomvi ya namna hiyo hayaishii kwenye kikao.

Hata hivyo wazo hilo halikuishia Von Ormy. Sandy Oaks, iliyo katika kaunti hiyo hiyo, ilipata hadhi ya mji mwaka 2014, na Kingsbury ikafuata mwaka 2015, nayo ikijiita mji wa uhuru.

Kisha sheria ikabadilika. Kuanzia mwaka 2017, na kwa upana zaidi mwaka 2019, bunge la Texas liliamua kwamba jiji haliwezi tena kumeza maeneo ya watu wengi bila ridhaa yao. Hofu iliyoizaa Von Ormy ikaondolewa na karatasi moja kutoka Austin, makao makuu ya jimbo, wakati mji wenyewe tayari una meya, una mipaka, na bado una mashimo yake ya choo.