Gharama ya Kuondoka katika Riwaya Mbili

Riwaya zihusuzo watu waachao maisha ya kawaida ili kutafuta maana husomwa mara nyingi kama sifa kwa mhusika aondokaye. Swali zito zaidi ni nani alipaye gharama ya safari hiyo. Katika The Moon and Sixpence (1919) ya W. Somerset Maugham, Strickland anamtelekeza mke na watoto mjini London kwa ajili ya uchoraji, wala hajuti. Katika Siddhartha (1922) ya Hermann Hesse, kijana aliyemwacha baba yake Mbrahmani naye baadaye hutorokwa na mwanawe. Hapo ndipo, kando ya mto, anapouelewa uchungu wa baba. Hivyo, Hesse haipingi safari, bali anaonyesha kuwa haikamiliki mpaka msafiri alitambue jeraha alilowaachia wengine.