Mashua Isiyo na Makasia

Hayati Arthur Rackham, mchoraji Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1867, alianza akiwa karani mchana na mwanafunzi wa sanaa jioni. Vibwengo na miti yenye nyuso za wazee aliviumba kwa utaratibu: kwanza penseli, kisha mistari ya wino, halafu alama za penseli akazifuta. Ndipo alipopaka rangi ya maji nyepesi, tabaka juu ya tabaka, kila moja ikikauka kwanza. Mwenye pupa huambulia tope.

Mwaka 1939, akiwa mgonjwa sana, alichora picha yake ya mwisho: Panya na Fuko wakipakia chakula mashuani. Akagundua kuwa mashua haina makasia. Binti yake alimsihi aiache hivyo. Mzee akakataa, akayachora. Mwaka huo huo akafariki, kazi ikiwa imekamilika.