Kupatikana na Kufikika: Istilahi za Tovuti za Maktaba kwa Wasomaji Wenye Ulemavu

Kitabu kikiwa katika rafu ya maktaba husemwa kwamba kinapatikana. Neno hilo lilitosha kwa muda mrefu, kwa kuwa ilichukuliwa kwamba msomaji akishaelekezwa kilipo atakiendea, atakishika na kukisoma. Siku hizi maktaba nyingi zimeweka katalogi zao, na hata vitabu na magazeti yenyewe, katika tovuti. Wafasiri wa sheria, mikataba na miongozo ya kazi hiyo hukutana na dhana mbili zilizo mbalimbali, lakini katika rasimu nyingi tunazozipitia dhana zote mbili huandikwa kwa neno moja: upatikanaji. Dhana ya kwanza ni kwamba kitu kipo na kimewekwa kwa ajili ya watu. Dhana ya pili ni kwamba msomaji asiyeona, asiyesikia au asiyeweza kutumia mikono anaweza kukitumia kitu hicho mwenyewe. Makala haya yanaeleza kwa nini dhana hizo hazina budi kutengwa, na yanapendekeza maneno ya kuzitenga.

Tuanze na mfano. Maktaba inapiga picha kurasa za gazeti la zamani na kuziweka katika tovuti yake. Mwenye macho anaona herufi na kuzisoma. Msomaji asiyeona hutegemea kisoma skrini, yaani programu inayogeuza maandishi yaliyomo katika kompyuta kuwa sauti, au kuyapeleka kwenye kifaa kinachoyaonyesha kwa nukta nundu. Programu hiyo ikiufikia ukurasa uliopigwa picha tu haikuti maandishi, inakuta picha. Basi hunyamaza, au hutaja jina la faili. Ofisa anayeandika katika taarifa yake kwamba magazeti yote yanapatikana amesema kweli. Msomaji anayelalamika kwamba hakupata hata neno moja naye amesema kweli. Istilahi inayoziacha kweli hizo mbili zipitane bila kukutana ina kasoro.

Kasoro hiyo si ya mtindo tu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006. Kenya na Uganda ziliuridhia mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009. Ibara yake ya 9 inazitaka nchi ziondoe vizuizi katika majengo, barabara, usafiri, habari na mawasiliano, intaneti ikiwamo. Mfasiri akiandika kwamba nchi itahakikisha upatikanaji wa habari, wajibu huo unapungua. Mwenye wajibu ataweza kusema kwamba habari ameziweka, na tafsiri itamuunga mkono.

Uteuzi wa neno

Kitenzi chenyewe hakina taabu, maana tunacho tayari. Katika taarifa za serikali huandikwa kila mwaka kwamba kijiji fulani hakifikiki wakati wa masika. Hakuna asomaye sentensi hiyo akadhani kwamba kijiji hakipo. Anaelewa kwamba kijiji kipo na watu wake wapo, ila njia ndiyo iliyokatika. Maana hiyo hasa ndiyo tunayoihitaji kwa ukurasa wa tovuti. Kitabu kinapatikana kikiwapo. Kinafikika pale ambapo njia ya kukiendea haikumkatikia msomaji yeyote.

Ugumu upo katika nomino. Maneno matatu hutumika: ufikiaji, ufikikaji na ufikivu. Ufikiaji latokana na fikia, na hutaja tendo la mtu anayekiendea kitu. Tunapendekeza libaki na kazi hiyo, kama katika "haki ya ufikiaji wa taarifa". Ufikikaji limeundwa kwa utaratibu ule ule wa upatikanaji na usomekaji, na maana yake ni wazi. Lakini silabi zake mbili zinazofanana hukwaza ulimi, na msemaji huelekea kuiacha moja, hata neno likarudi kuwa ufikiaji. Ufikivu ni fupi, na limekwisha kutumiwa na wafasiri wa programu za simu na kompyuta.

Pingamizi moja huletwa dhidi ya ufikivu, nayo yastahili kujibiwa. Husemwa kwamba kiambishi -vu au -fu hutaja sifa ya mtenda: msikivu ndiye asikiaye, wala si asikikaye, na uvunjifu wa amani ni wa yule anayeivunja. Kwa kipimo hicho ufikivu ungekuwa sifa ya msafiri, si ya mahali anapokwenda. Hoja hiyo ina uzito, lakini si kanuni isiyo na mwanya. Tunasema unyumbufu wa chuma au wa ratiba, tukikusudia kile kinachonyumbulika, wala si kile kinachonyumbua. Kwa kuwa njia hiyo ya uundaji imo katika lugha, na kwa kuwa neno limeshaenea, tunapendekeza ufikivu kwa sifa ya kitu, na kitenzi chake kiwe kufikika. Hivyo tutakuwa na maneno matatu yasiyoingiliana: upatikanaji, kitu kipo, ufikiaji, mtu anakiendea, ufikivu, kitu hakina kizuizi.

Kauli ya -ika na -eka inatusaidia zaidi ya hapo. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa maudhui ya wavuti, iliyotolewa na shirika la W3C kwa mara ya kwanza mwaka 1999, ambayo toleo lake la 2.2 ni la mwaka 2023, imejengwa juu ya misingi minne. Misingi mitatu yaelezeka kwa kauli hiyo bila kuilazimisha lugha: maudhui yatambulike kwa mlango mmojawapo wa fahamu, yaendesheke, na yaeleweke. Msingi wa nne ni uthabiti, yaani maudhui yasivurugike yanaposomwa kwa zana mbalimbali.

Istilahi zinazofuatana na ufikivu

(a) Maelezo mbadala. Ni maneno mafupi yanayofungamanishwa na picha ili kisoma skrini kiyasome mahali pake. Wengine huandika matini mbadala. Tunapendelea maelezo, kwa sababu neno hilo humkumbusha mtunza tovuti kazi inayomngoja. Akiandika "picha" na kuishia hapo, matini ameyaweka, lakini hakueleza kitu.

(b) Manukuu. Ni maandishi yanayokwenda pamoja na filamu au video, yakimwonyesha kiziwi yanayosemwa pamoja na sauti nyingine muhimu, mathalani kengele au makofi.

(c) Uendeshaji kwa kibodi. Asiyeona hawezi kukifuata kishale cha kipanya, na mwenye ulemavu wa mikono huenda asiweze kukishika kipanya chenyewe. Fomu ya kuazima kitabu ambayo haiendesheki kwa vitufe vya kibodi imewafungia wote wawili.

(d) Tofauti ya mng'ao. Maandishi ya kijivu juu ya weupe huwapotea wenye uoni hafifu, ambao miongoni mwao ni watu wengi wenye ualbino. Miongozo tuliyoitaja, katika ngazi yake ya kati, inataka uwiano usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Tunaandika mng'ao badala ya rangi, kwani nyekundu na kijani ni rangi mbili, lakini mng'ao wake waweza kukaribiana.

(e) Lebo ya lugha. Ni alama iliyofichika ndani ya ukurasa inayotaja lugha yake; ya Kiswahili ni herufi mbili, sw. Mtengenezaji wa tovuti akinakili kiolezo chenye alama ya Kiingereza asiibadilishe, kisoma skrini huchagua sauti ya Kiingereza na kukisomea Kiswahili kwayo. Pole hutoka "poul", na wake hutoka "weik". Msomaji husikia kelele tu, ingawa ukurasa umeandikwa Kiswahili fasaha. Sauti ya Kiswahili si kitu cha kungojwa. NVDA, programu isiyouzwa iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, huja na sauti za eSpeak NG, na Kiswahili kimo miongoni mwa lugha zake. Kinachokosekana mara nyingi ni zile herufi mbili.

(f) Nakala yenye muundo unaofikika. Usemi huu unahitajiwa na wanaofasiri Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2016. Mkataba huo unaziruhusu maktaba na taasisi nyingine zilizoidhinishwa kutengeneza nakala za nukta nundu, za sauti au za kompyuta bila kuomba idhini ya mwenye hakimiliki, na kubadilishana nakala hizo na nchi nyingine wanachama. Wanaonufaika si wasioona peke yao, bali pia wale ambao ulemavu wa mwili huwazuia kushika kitabu au kufunua kurasa. Kwa hiyo tafsiri isemayo "nakala za vipofu" inawatoa watu ambao mkataba umewaingiza.

Majina ya watu

Hapa tahadhari inahitajika. Katika matini rasmi tunashauri "watu wenye ulemavu" badala ya "walemavu", kwa kuwa mtu hutangulia na hali hufuata. Hata hivyo, kanuni hiyo isitumiwe kwa upofu wa kanuni. Chama cha Wasioona Tanzania kimejiita hivyo. Chama cha Viziwi Tanzania nacho kimeteua neno viziwi, wala hakikuandika "wasiosikia". Ofisa anayelifuta neno viziwi kwa kudhani kwamba anawaheshimu amewanyang'anya jina walilolichagua wenyewe. Majina ya watu hayasanifiwi bila wenyewe kuulizwa.

Neno la kumalizia

Tungependa shauri hili lianzie kwetu sisi tunaosanifu istilahi. Orodha za istilahi huchapishwa katika majedwali yenye safu mbili au tatu. Zikiwekwa katika tovuti kama picha za kurasa, mwalimu asiyeona hatapata hata istilahi moja. Zikiwekwa kama maandishi, lakini vichwa vya safu visitambulishwe, atasikia mfululizo wa maneno bila kujua lipi ni la Kiswahili na lipi limefasiriwa. Orodha ya namna hiyo inapatikana, lakini haifikiki. Kabla ya kuitoa, yafaa apewe msomaji mmoja asiyeona aijaribu, naye aulizwe amepata nini.