Mtoto Aliyeumizwa Anaweza Kupona

Leo tunauliza: mtoto aliyepigwa vibaya, aliyenajisiwa au aliyetelekezwa, je, anaweza kupona? Ndiyo, anaweza. Lakini haponi peke yake.

Mama mmoja muuza omena aliwahi kuniletea mtoto wa marehemu dada yake, msichana wa miaka minane. Alisema shida ni kukojoa kitandani, na kwamba amemchapa bila mafanikio. Tulipozungumza na mtoto polepole, tuligundua kuna mtu aliyekuwa akimdhuru mama anapokwenda ufuoni alfajiri. Kukojoa hakukuwa utundu. Mtoto alikuwa anaomba msaada.

Tazama dalili hizi: mtoto aliyeacha kukojoa kitandani anaanza tena, anamwogopa mtu fulani, anashtuka usingizini, ana majeraha yasiyoelezeka, anakonda au haendi shule. Wavulana pia huumizwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2019 ulionyesha kuwa karibu nusu ya wasichana wa Kenya, na zaidi ya nusu ya wavulana, walipata ukatili utotoni.

Ukigundua, fanya hivi:

Kwanza, msikilize. Mwambie, "Nakuamini. Si makosa yako." Usimhoji kama polisi, wala usimkaripie.

Pili, kama amenajisiwa, mpeleke hospitalini mara moja. Usimwogeshe. Nguo zake weka katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI lazima zianzwe kabla ya saa 72, yaani siku tatu, na kila saa ni muhimu. Usisubiri fomu ya P3 ndipo umtibu.

Tatu, toa ripoti kwa polisi, kwa chifu au kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo yako. Ukikosa nauli, piga 116. Simu hiyo ni ya bure, mchana na usiku.

Wengi huogopa kwamba afisa wa watoto atamnyang'anya mama mtoto wake. Kazi yake kwanza ni kuona mtoto yuko salama. Akiona nyumbani si salama, hutafuta jamaa wa kuaminika, na Mahakama ya Watoto inaweza kutoa amri ya ulinzi chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Makao ya watoto ni njia ya mwisho, kwa sababu mtoto hukua vizuri zaidi katika familia.

Tafadhali, kesi ya unajisi isimalizwe chini ya mti kwa mbuzi na pesa. Wazee wakishapatana, mtoto hubaki na kidonda chake, na mkosaji hubaki kijijini.

Kupona huchukua muda. Mpeleke kwa mshauri bila kukosa siku. Nyumbani, ale na alale kwa saa zilezile, acheze na wenzake, arudi shuleni. Akikojoa, badilisha shuka bila maneno. Yule msichana alichukua miezi mingi kabla ya kucheka tena. Lakini alicheka.

Mama, ukiona dalili leo, usingoje kesho.